Vijana wa Mjini na Kazi za Mikono

Katika mwaka huu wa yubile watu wa jimbo letu wamekumbuka mambo mengi: makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, hesabu ya waliobatizwa, na mapadre, masista na makatekista waliolala katika Bwana. Twaona ni haki kukumbuka pia kazi moja isiyo na mnara wala kengele, nayo ni kazi ya kuwafundisha ufundi vijana wa mjini walio katika hatari ya kupotea. Wengi hudhani ya kuwa kazi hii ni jambo jipya, lililozuka pamoja na miji mikubwa ya siku hizi. Lakini ina historia yake, tena ndefu, na katika historia hiyo limo funzo ambalo kwa maoni yetu limesahauliwa nusu. Nyundo na sindano hazikutosha kumwokoa kijana. Alihitaji pia mtu mzima aliyekubali kuandika jina lake kando ya jina la kijana. Basi tunataka kuwaeleza wasomaji wetu mambo hayo yalivyokuwa, tukianza na mji wa Torino, kisha tutazame yaliyofika katika bara letu.

I. Mji wa Torino na watoto wake

Torino ni mji wa kaskazini ya Italia, karibu na milima ya Alpi. Katika miaka ya 1840 Italia ilikuwa haijawa nchi moja, na Torino ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Sardinia. Watu wake walikuwa wamezidi laki moja, nao waliongezeka mwaka hata mwaka, kwa sababu viwanda vilianza na majumba mapya yalijengwa kila upande. Kazi za ujenzi ziliwavuta vijana kutoka mashamba na mabonde ya milimani. Walikuwa waashi, wachonga mawe, wapiga lipu, watandika mawe ya barabara, na watoto wadogo waliofagia mabomba ya moshi. Wengine walikuja kwa majira tu, kisha wakarudi kwao. Wengine hawakuwa na kwao pa kurudi. Parokia za mji hawakuzijua, wala mapadre wa parokia hawakuwa na majina yao vitabuni.

Zamani mafundi wa mji walikuwa na vyama, kila ufundi na chama chake, na vyama hivyo vilisimamia desturi za kumfundisha mwanagenzi. Vilikuwa na ubaya wao, kwani viliwafungia watu wengi mlango. Lakini mfalme Carlo Alberto alipovifuta mwaka 1844, mwanagenzi alibaki peke yake mbele ya tajiri wake. Tajiri mwema alimfundisha. Tajiri mbaya alimtuma sokoni, alimbebesha mizigo, alimpiga, na mwisho wa mwaka akamwondosha hana ufundi wala akiba. Wahenga wetu walisema: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Vijana hawa mama zao walikuwa mbali au wamekwisha kufa, na ulimwengu uliowafunza ulikuwa barabara za Torino.

II. Rafiki aliye nje ya gereza

Giovanni Bosco, ambaye sisi twamwita Mtakatifu Yohane Bosco, alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, si mbali na Torino. Baba yake alikufa mwaka 1817, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili, akalelewa na mama yake, Margherita Occhiena, mkulima asiyejua kusoma. Ili apate masomo ilimbidi kufanya kazi. Alishika sindano kwa mshona nguo, alitumika katika duka la kahawa, akajifunza kidogo useremala na uhunzi. Alipopewa upadre, tarehe 5 Juni 1841, alikuwa mtu aliyejua kwa mikono yake mwenyewe maana ya kuwa mwanagenzi.

Mwaka ule ule akaenda Torino kuendelea na masomo ya kipadre, na mwalimu wake, Padre Giuseppe Cafasso, akamchukua pamoja naye kuzuru magereza. Huko aliona jambo lililomtia hofu. Aliona vijana wengi wa miaka 12 hata 18, wenye afya na akili nzuri, wamekaa bure, wameliwa na wadudu, wana njaa ya mkate na njaa ya neno jema. Lakini lililomchoma zaidi alilitambua baadaye. Wengi wao walitoka gerezani wakiwa na nia ya kuishi vema, na baada ya siku chache aliwaona wamerudi mle mle. Akaitafuta sababu, akaona ya kuwa walirudi kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyewangojea nje. Ndipo alipojiuliza kama vijana hawa wangepotea, laiti wangekuwa na rafiki huko nje wa kuwatunza. Swali hilo ndilo shina la kazi yake yote.

Tarehe 8 Desemba 1841, katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alikutana na Bartolomeo Garelli, kijana mwashi wa miaka 16, yatima, asiyejua hata sala. Akamfundisha siku hiyo, akamwomba arudi na wenzake. Kabla ya mwisho wa Machi 1842 walikuwa wapatao 30. Siku za Jumapili waliimba, walicheza na kusoma katekisimu. Lakini wasomaji wasidhani ya kuwa kazi iliishia Jumapili. Katikati ya juma padre huyu alipanda majukwaa ya waashi na kuingia katika karakana, akiwauliza matajiri habari za vijana wake. Aliyekosa kazi alimtafutia tajiri mwaminifu. Vijana walifurahi kuona wana mtu wa kuwaulizia, na matajiri nao wakawa na heshima zaidi kwa kijana mwenye wa kumwulizia.

Haikuwa kazi ya raha. Kundi lilifukuzwa kutoka mahali hata mahali kwa sababu ya kelele zao, na wakuu wa mji waliogopa mkutano wa vijana wengi maskini mahali pamoja. Hatimaye, siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, wakapata banda moja katika mtaa wa Valdocco, mali ya mtu aitwaye Pinardi. Mwaka ule ule Mama Margherita aliacha shamba lake akaja kukaa na mwanawe. Wakaanza kuwalaza vijana wasio na makao. Wa kwanza waliolazwa penye majani makavu waliondoka usiku pamoja na mablanketi na mashuka. Hata hivyo mlango haukufungwa. Usiku mmoja wa mvua katika Mei 1847 alibisha hodi yatima wa miaka 15 kutoka Valsesia, aliyekuja mjini kutafuta kazi ya uashi na fedha zake zimekwisha. Mama Margherita akamtandikia kitanda cha matofali na mbao jikoni. Huyo ndiye wa kwanza wa mamia waliolelewa katika nyumba ile.

III. Mkataba wa mwaka 1852

Hapa tumefika penye jambo ambalo tungependa lisomwe polepole. Don Bosco aliona ya kuwa kumtafutia kijana kazi hakutoshi, na kumzuru kazini hakutoshi, kama ahadi za tajiri ni maneno ya mdomo tu. Basi tangu mwaka 1851 akaanza kuandikiana na matajiri mikataba. Mmoja ni wa Novemba 1851, wa kijana aliyepelekwa kwa fundi wa vioo. Mwingine, unaojulikana zaidi, ni wa Februari 1852, nao umeandikwa juu ya karatasi yenye stempu ya serikali. Katika mkataba huo Giuseppe Bertolino, fundi seremala wa Torino, alimpokea kijana Giuseppe Odasso kumfundisha useremala kwa miaka miwili.

Tutaje baadhi ya masharti yake. Fundi aliahidi kumfundisha kijana ufundi wote wa useremala, na kumpa maonyo mema kama baba mwema ampavyo mwanawe. Kijana akikosa, fundi atamrudi kwa maneno tu, wala hatamtendea vibaya kamwe. Atampa kazi za useremala peke yake, zilizo kadiri ya umri na nguvu zake, wala hatamtumia kwa utumishi mwingine usiohusu ufundi. Siku za sikukuu atamwacha huru, ahudhurie kanisani na katika mafundisho. Kila mwaka atampa mapumziko ya siku 15. Tena atamlipa: sentimi 30 kwa siku katika miezi sita ya kwanza, sentimi 40 katika miezi sita ya pili, na sentimi 60 tangu mwanzo wa mwaka wa pili.

Kijana naye aliahidi utii, bidii na adabu. Baba yake alisimama kuwa mdhamini wa hasara, lakini mkataba ulipambanua kwa busara. Kitu kilichoharibiwa kwa ukorofi kitalipwa. Kitu kilichoharibiwa kwa bahati mbaya, au kwa sababu mwanagenzi hajaujua ufundi, hakitahesabiwa juu yake. Don Bosco kwa upande wake aliahidi kuuangalia mwenendo wa kijana. Wakatia sahihi zao: fundi, kijana, baba na padre.

Hatusemi ya kuwa mikataba ya ufundi ilianza kwa Don Bosco. Ilikuwapo zamani, na masharti mengine katika hati hii yalikuwa desturi ya nchi. Lisilokuwa la desturi ni kwamba padre aliingia ndani ya mapatano ya kazi, akijua bei ya siku moja ya kazi ya kijana na akiitetea. Na tazameni masharti yenyewe: kila moja lajibu dhuluma fulani. Panapoandikwa kwamba kijana asipigwe, ni kwa sababu wanagenzi walikuwa wakipigwa. Panapoandikwa kwamba asitumwe kazi nyingine, ni kwa sababu miaka ya kujifunza ilikuwa ikiishia katika kufagia na kubeba maji. Hati hii imeandikwa na mtu aliyekwenda kutazama.

Tena tangu Juni 1850 palikuwa na chama cha kusaidiana kati ya vijana wenyewe. Kila mmoja alitoa soldo moja, yaani sentimi tano, kila Jumapili, na baada ya miezi sita alipata haki ya kusaidiwa sentimi 50 kwa siku akiugua. Hivyo kijana aliyezoea kupokea alijifunza pia kuwa mdhamini wa mwenzake.

IV. Karakana za Valdocco

Ingawa mikataba ilikuwa mizuri, Don Bosco hakuweza kuzilinda nyumba zote za kazi za mjini. Vijana walisikia huko matusi na maneno ya kuwaharibu, wakarudi jioni wamepoteza yale waliyofunzwa asubuhi. Isitoshe, nyumba yake mwenyewe ilihitaji viatu na nguo kwa wengi. Kwa sababu hizo mbili akaanza karakana zake. Mwaka 1853 zilianza za washona viatu na washona nguo. Washona viatu waliwekwa katika ujia mwembamba karibu na mnara wa kanisa jipya. Mwaka 1854 wakaanza watia majalada ya vitabu, mwaka 1856 maseremala. Ruhusa ya kupiga chapa ilipatikana mwisho wa mwaka 1861, na mwaka 1862 wakafuata wahunzi.

Tusidhani ya kuwa mambo yalikwenda sawa tangu siku ya kwanza. Walimu wa ufundi walikuwa watu wa kuajiriwa. Walipopewa mshahara tu, wengine hawakujali kama kijana anaendelea au haendelei. Walipoachiwa faida ya karakana, wengine waliwatumia vijana kama vibarua ili wapate zaidi. Padre akajaribu njia hii na ile kwa miaka kadhaa, hata mwishowe nyumba yenyewe ikashika kazi na hesabu zote. Shirika la Wasalesiani lilipoanzishwa, tarehe 18 Desemba 1859, hazikupita siku nyingi likawa na mabradha mafundi, watu wa viapo wenye aproni na nyundo, ambao faida yao ilikuwa kijana mwenyewe. Na mkutano mkuu wa shirika wa mwaka 1886 ulipoyazungumza mambo ya wanagenzi, uliamua walelewe kwa njia tatu pamoja: dini na tabia njema, elimu ya akili, na ufundi wa mikono.

Wasichana nao hawakusahauliwa. Katika kijiji cha Mornese, Maria Domenica Mazzarello, msichana wa shamba aliyepungukiwa nguvu za kulima kwa ajili ya homa kali ya mwaka 1860, alijifunza ushonaji pamoja na rafiki yake, wakafungua chumba cha kuwafundisha wasichana. Kutoka chumba hicho likatokea, mwaka 1872, shirika la Mabinti wa Maria Msaada wa Wakristo. Don Bosco alifariki tarehe 31 Januari 1888, na Baba Mtakatifu Pius XI akamtangaza mtakatifu siku ya Pasaka ya mwaka 1934.

V. Kazi hiyo katika Afrika

Watu wa pwani yetu hawakungoja habari za Torino ndipo waone karakana za misheni. Desemba 1860 Padre Armand Fava na wenzake walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, wakafundisha uhunzi na useremala. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaipokea kazi hiyo, na mwaka 1868 wakafungua misheni ya Bagamoyo. Wengi wa watoto wao walikuwa wamekombolewa katika utumwa. Inafaa tuseme kweli yote: watoto hao walipata mikono ya ufundi, lakini hawakuwa na baba wa kutia sahihi kando yao. Kazi yao, makao yao na hata mipango ya ndoa zao vilikuwa mikononi mwa misheni. Ulinzi waliupata, lakini uhuru wa kupatana kama Odasso alivyopatana na fundi wake hawakuupata. Twalitaja hili ili tupambanue kati ya kumdhamini kijana na kummiliki.

Wana wa Don Bosco wenyewe walifika mwaka 1911 katika Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, mji wa shaba uliokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ambamo Kiswahili kilikuja kuwa lugha ya wafanya kazi. Huko wakafungua shule, na ufundi ukawa sehemu ya mafundisho yao. Tanzania na Kenya walifika mwaka 1980, na kati ya kazi zao ni chuo cha ufundi cha Dodoma. Serikali ya Tanzania nayo, kwa sheria ya mwaka 1994, iliunda mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, ili kijana apate mafunzo na cheti kinachotambulika katika nchi nzima.

VI. Neno kwa parokia na walimu

Ndugu zetu, leo vyuo vya ufundi vipo, na cheti kipo, jambo ambalo kijana wa Torino hakulipata. Hata hivyo kijana ahitimuye kozi ya umeme au ya kushona bado hufika mahali ambapo mafunzo yamekwisha na kazi haijaanza. Hapo ndipo wengi hupotea, kama wale waliotoka gerezani wasimkute mtu mlangoni. Na wengine, ambao hawakupata hata chuo, huingia kwa fundi wa mtaani bila mapatano yo yote. Hubeba zege na kuosha vipuri miaka miwili, mitatu, wakitumaini kufundishwa kesho.

Mafundi hao ni akina nani? Wengine ni watu wa parokia zetu, wakaao nasi katika jumuiya na kupokea Komunyo pamoja nasi. Kwa hiyo neno letu la kwanza ni kwao: mwandikieni kijana karatasi. Andikeni miaka mingapi, ufundi gani, posho kiasi gani, na siku gani ya kupumzika, kisha mlipe kilichoandikwa. Neno la pili ni kwa wazee wa parokia. Kila kijana anayepelekwa kwa fundi apewe mtu mzima mmoja wa kumzuru kazini katikati ya juma, na jina la mtu huyo liandikwe katika mkataba ule. Neno la tatu ni kwa walimu: msiyafunge madaftari siku ya kugawa vyeti, bali ulizeni baada ya mwaka kila mmoja yuko wapi. Na vijana wenyewe waanzishe chama cha akiba, hata kwa fedha kidogo sana, kama walivyofanya wale wa mwaka 1850.

Tunajua mambo haya yana gharama. Anayemdhamini kijana hujitia katika aibu ya kijana akianguka, na pengine mablanketi yataondoka tena usiku. Mama Margherita alilijua hilo alipowasha moto wa jikoni kwa mgeni aliyelowa mvua. Yubile katika Maandiko Matakatifu ni mwaka wa kuwarudishia watu uhuru wao na urithi wao. Urithi wa kijana maskini ni mikono yake. Mungu atujalie, kabla mwaka huu haujaisha, kila parokia ya jimbo letu iwe na karatasi moja walau yenye jina la kijana, jina la fundi, na chini yake jina la mmoja wetu.